Nani Anapima Uaminifu Wetu?



Kabla ya noti za karatasi kufika katika nchi hii, Katanga ilikuwa na fedha yake: msalaba wa shaba. Wafua shaba waliyeyusha madini, wakayamimina katika kalibu, na msalaba ule ukanunua chakula, ukalipa mahari, ukazikwa pamoja na marehemu. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera yake, na sarafu za mwaka 1961 zilikuwa na msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Siyakumbushi haya kwa kuililia enzi iliyopita. Nataka tuone jambo moja: aliyepokea msalaba wa shaba aliweza kuupima kwa mkono wake mwenyewe, na ukiwa mwepesi aliukataa. Kilichopimwa kilikuwa fedha.

Leo fedha ni tarakimu ndani ya simu, wala hakuna anayeipima mkononi. Anayepimwa ni mwenye simu. Anapigia nani, anaongeza vocha mara ngapi, anapokea kiasi gani na kukimaliza kwa siku ngapi: hayo yote hukusanywa, huhesabiwa, na mwishoni hutoka jibu kama anastahili kukopeshwa au hastahili. Mara nyingi jibu hilo halitolewi na mtu. Hutolewa na programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa njia tunayoiita akili bandia. Juu ya badiliko hili ningependa tutafakari pamoja, maana linawagusa ninyi kuliko linavyotugusa sisi tuliozeeka na vitabu vya risiti.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa simu. Anayeilaani fedha ya simu hapa kwetu amesahau tulikotoka. Banque du Congo belge ilianzishwa mwaka 1909, na kwa miongo mingi benki ilikuwa nyumba ya makampuni, ya wazungu, na baadaye ya wakubwa wachache. Mkulima na mama wa sokoni hawakuwa na sababu ya kupanda ngazi zake. Na wale waliojaribu kuamini walipata masomo machungu. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi walibaki wameshika karatasi. Mwaka 1991, kule Kinshasa, watu walimkabidhi akiba zao mtu aitwaye Bindo, aliyeahidi kuzirudisha zikiwa zimeongezeka mara nyingi baada ya wiki chache. Mchezo ulianguka, na akiba zikaanguka nao. Kisha mfumuko wa bei ukaila zaire yenyewe, hata franka ikaletwa mahali pake mwaka 1998. Na si zamani, mwaka 2016, wateja wa benki ya BIAC walisimama mistari mirefu mbele ya matawi yake wakiomba fedha zao wenyewe, nao wakagawiwa kwa kipimo.

Ndiyo maana mama zetu waliiamini likelemba, pamoja na dola iliyofungwa katika pindo la kitenge. (Dola ambayo, ikiwa na tundu dogo kama la sindano, hakuna anayeitaka mjini kote.)

Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu mshahara uliokuwa ukitoka Kinshasa ulipita katika mikono mingi, na kila mkono ulibaki na chochote. Lakini benki hazikuwa na matawi vijijini. Katika sehemu nyingi za ndani ilibidi Caritas iwapelekee walimu mishahara yao, ikawa kana kwamba Kanisa limefungua dirisha la benki chini ya mwembe. Hapo ndipo tuelewe uzito wa kilichotokea mwaka 2012, M-Pesa ya Vodacom ilipofika Kongo, miaka mitano baada ya kuzaliwa Kenya mwezi wa Machi 2007. Airtel na Orange nao wana huduma zao. Benki zenyewe zikafuata: Rawbank kwa illicocash, TMB kwa PepeleMobile. Leo hapa Lukafu, kama popote, benki ya mtu wa kawaida ni kijana aliyeketi chini ya mwavuli, mwenye simu mbili na daftari moja, anayetoa franka au dola kadiri ya haja. Mwanafunzi hupokea karo kutoka kwa mjomba aliye Kolwezi kabla chai yake haijapoa. Yale ambayo benki kubwa hazikuyafanya kwa miaka mia moja yalifanywa na mwavuli kwa miaka michache. Hilo ni tendo la haki, hata kama waliolifanya walitafuta faida.

Sasa akili bandia inafanya nini ndani ya benki? Mengi yake hatuyaoni. Inachunguza malipo yanayopita, ikamata yale yanayofanana na wizi. Inawajibu wateja maswali mepesi usiku wa manane. Inasoma hati: mwaka 2017 benki ya Marekani JPMorgan ilieleza kwamba programu yake husoma mikataba ya mikopo kwa sekunde chache, kazi iliyokuwa ikiwachukua watu saa 360,000 kila mwaka. Wanaosomea uhasibu na sheria miongoni mwenu waiangalie vizuri tarakimu hiyo. Lakini kazi inayonitia wasiwasi ni ile ya kumpima mkopaji, na hapo nitakaa kidogo.

Novemba 2012 Safaricom na benki moja ya Nairobi, CBA, walianzisha M-Shwari. Mtu asiyewahi kuingia benki aliweza kukopa kwa simu kwa dakika moja, bila dhamana wala barua ya mwajiri. Walimjuaje? Kwa namna alivyoitumia simu. Hesabu ya namna hii hufanywa hivi: kompyuta hupewa kumbukumbu za maelfu ya watu waliokopa zamani, nani alilipa na nani hakulipa, pamoja na mwenendo wa kila mmoja. Inatafuta mfanano. Haiulizi kwa nini huyu hakulipa, kama alifiwa au alikuwa mlevi. Kisha wewe unakuja, nayo inaangalia unafanana na kundi gani. Jibu lake, hata likiitwa uamuzi, ni bahati nasibu iliyopigiwa hesabu nzuri: kati ya mia wanaofanana nawe, wangapi walilipa?

Kwa benki yenye wateja milioni, hesabu hiyo yatosha. Ikikosea kwa watu kumi katika mia, bado inapata faida. Kwa wale kumi, hata hivyo, kosa ni kamili.

Chukueni mfano ambao kila mmoja wenu anaweza kuukuta sokoni. Mama anauza unga wa mahindi kwa meka. Yuko katika likelemba na wenzake kumi na mmoja kwa miaka mingi, wala hajawahi kukosa zamu yake, hata mwaka ule aliouguliwa na mtoto. Wateja humlipa kwa noti. Simu yake ni ya vitufe, na vocha yake ni ya kubahatisha. Mpwa wake hana kazi. Kila jioni anabashiri mechi za Ulaya kwa simu, fedha zinaingia, zinatoka, zinaingia tena. Mbele ya hesabu ya simu, mama huyo ni kama hayupo. Kijana ana alama nyingi, naye ndiye apataye ujumbe wa kumkaribisha kukopa. Soko zima likiulizwa ni nani wa kuaminiwa kwa fedha, halitasita hata kidogo, lakini soko haliulizwi. Mashine inauona mwendo wa fedha, nasi kwa haraka tunauita mwendo huo tabia ya mtu.

Kenya walitangulia kuyaonja matunda ya mti huu, matamu na machungu. M-Shwari ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yaonekana ndogo, anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa asilimia 90. Wakopeshaji waliokuja baadaye walikuwa wengi, na baadhi yao hawakuwa na adabu: waliingia katika orodha ya majina iliyomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa wakawapigia ndugu zake na mwajiri wake kumtangaza. Watu wakaandikwa katika daftari la wadaiwa wabaya kwa sababu ya fedha isiyotosha kununua kuku. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa wasipeleke tena majina huko, na ikaagiza kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Kanuni za Machi 2022 zikawalazimisha kuomba leseni na kuwakataza kumwaibisha mdaiwa. Tanzania, ambako wananchi wenyewe waliipa mikopo ya namna hiyo jina la «kausha damu», Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 zinazokopesha bila kibali. Wahenga walikwisha kusema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Simu imeifupisha tu njia kati ya harusi na matanga.

Mtauliza, habari za Nairobi zatuhusu nini? Nairobi imekuja Lubumbashi. Equity ya Kenya ilinunua ProCredit ya Kongo mwaka 2015, kisha BCDC, ile benki ya tangu 1909, mwaka 2020, na kuziunganisha kuwa Equity BCDC. TMB, iliyozaliwa papa hapa Lubumbashi mwaka 2004, tangu Desemba 2022 iko chini ya KCB ya Nairobi kwa asilimia 85. Silaumu; mtaji na ujuzi vyahitajika, na nchi yetu imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nasema tu kwamba ujuzi ule uliojifunzwa kwa kuwapima Wakenya unaweza kutufikia sisi kabla kanuni zilizowakinga Wakenya hazijatufikia.

Kuna tukio la Uingereza ambalo ningependa kila kikundi cha vijana kilisimulie. Shirika la posta la huko liliweka katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Wasimamizi wa matawi hayo walikuwa watu wa kawaida, wenye duka na dirisha la posta kijijini. Mfumo ukaanza kuonyesha kwamba fedha zimepungua. Wao wakasema: hatukuchukua. Wakubwa wakajibu: kompyuta haikosei. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa fedha zisizopotea, na wengine walikufa kabla ya kusafishwa jina. Kompyuta ilikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Horizon haikuwa akili bandia, ilikuwa mashine ya hesabu ya kawaida kabisa. Kama neno la mashine nyepesi kiasi hicho lilishinda neno la watu mia tisa katika nchi yenye mahakama imara, mimi naona tuna haki ya kuiogopa mashine ambayo hata aliyeitengeneza hawezi kueleza kwa maneno mepesi jinsi ilivyofikia jibu.

Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024, Papa Fransisko alilitaja jambo hili waziwazi: kwamba huenda siku zijazo mifumo ya akili bandia ikaamua kama mwombaji wa mkopo wa nyumba ni wa kuaminika, au kama mtu anafaa kupewa kazi. Ni jambo la kutazamwa kwamba katika ujumbe wa amani aliweka dirisha la benki. Alijua kwamba anayenyimwa bila kuambiwa sababu hubeba kitu kizito moyoni.

Hapa rafiki yangu mmoja, mtu wa benki, hunipinga, naye anastahili kusikilizwa. Anasema: je, wewe unawakumbuka maafisa wa mikopo wa zamani? Waliwatazama watu viatu. Waliuliza kabila kwa kuuliza jina. Waliomba «madesu ya bana» kabla ya kufungua faili. Mashine haiombi madesu. Na maskini asiyekopeshwa na simu anakwenda wapi? Anakwenda Banque Lambert, kwa yule jirani anayekopesha dola mia na kudai mia na hamsini mwisho wa mwezi, na kuchukua televisheni au friji asipolipwa. Kweli yote hayo. Siwezi kuipinga hata moja, na kwa sababu hiyo sisemi turudi nyuma.

Lakini afisa aliyeomba madesu alikuwa na uso, na ungeweza kumshitaki kwa mkubwa wake, au kumngoja mlangoni na kumwambia ukweli. Jirani wa Banque Lambert naye anaogopa kidogo macho ya mtaa. Uonevu wa mtu una anwani. Ninachodai kwa benki na kampuni za simu ni anwani hiyo: anayekataliwa na hesabu aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na awepo mtu mwenye jina na mamlaka ya kulisoma upya ombi lake, kumsikiliza, na kuigeuza hukumu ikiwa si ya haki. Nchi yetu imekwisha kupiga hatua: sheria ya mambo ya kidijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu ya kulinda habari za mtu binafsi. Wale miongoni mwenu wanaosoma sheria chuoni wangetufaa sana wakiileta katika mkutano wa vijana na kutufafanulia kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo inamfaa wakili peke yake.

Nami nisingependa tuzungumze tu juu ya benki za wengine. Vikundi vyetu vyenyewe vina fedha: michango ya safari ya hija, sare za kwaya, rambirambi, jembe la shamba la vijana. Fedha hizo ziko wapi? Mara nyingi ziko katika simu ya mweka hazina, kwa namba iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Mbele ya kampuni ya simu fedha zile ni zake. Akifa, ni za warithi wake, kama watazifikia. Akiibiwa simu pamoja na namba ya siri, zimekwenda. Akikopa kwa simu na kuchelewa, huenda fedha ya kikundi ikakatwa kulipa deni lake, wala hakutakuwa na mtu wa kulaumu. Tunamweka kijana mwaminifu katika majaribu asiyoyaomba, kisha tunashangaa kikundi kinapovunjika.

Na wezi wamesoma. Ule ujumbe wa «nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie» tumeuzoea. Mnajua kutazama salio kwanza. Sasa sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta kutokana na rekodi fupi tu. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alituma fedha zinazokaribia dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video na wakubwa wake. Nyuso zote alizoziona zilikuwa za kubuniwa. Sauti ya padri au ya mwenyekiti inayomwomba mweka hazina atume fedha haraka, usiku, bila kumwambia mtu, isitiiwe hata ikiwa inafanana naye kikohozi. Mweka hazina akate simu, ampigie mwenyewe kwa namba anayoijua.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo napendekeza jambo dogo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Kikundi kifungue akaunti kwa jina la kikundi, katika benki au ushirika wa akiba na mikopo, yenye sahihi mbili au tatu. Pale ambapo akaunti hiyo haijawezekana, iwekwe namba ya pekee ya simu isiyotumika kwa jambo lingine lolote, namba yake ya siri ikigawanywa nusu kwa watu wawili. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, mweka hazina asome salio mbele ya wote, simu ikipita mkono kwa mkono ili kila mmoja aone, na katibu aliandike katika daftari la karatasi, kwa wino, pamoja na jina la kila aliyechanga. Jina la yule mama wa unga, akichangia safari ya wanawe, liwemo pia.